Klachi Iliyomwamsha Mtoto

Nyumba yao ilikuwa ya chumba na sebule. Chumbani walilala mume, mke na mtoto wa miezi minne. Sebuleni ililala pikipiki, maana wezi wa mtaa ule hawakuwa na haya.

Mume alikuwa muuza maziwa. Saa kumi na moja alfajiri lazima awe njiani. Mtoto naye alikuwa na ratiba yake. Alilia usiku kucha, akasinzia saa kumi. Hapo ndipo mama yake alipopata kufumba macho.

Sakafu ya sebule iliteremka kuelekea mlangoni. Ili pikipiki isiteleze, mume aliiacha kwenye gia. Kwa hiyo, kabla ya kuitoa nje, alibana klachi, ule mkono wa kushoto kwenye usukani.

Kwiii. Mtoto akaamka.

"Leo tena?" mke aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimebana polepole, mama."

"Ukibana polepole ndiyo inalia muda mrefu zaidi."

Asubuhi hiyo mke alisinzia amesimama mbele ya jiko, mtoto akiwa mgongoni. Aliposhtuka, ncha ya khanga ilikuwa imeanza kuungua. Aliizima kwa viganja. Alikuwa amechoka hata machozi hayakuja.

Mume aliporudi, alimkuta amekaa chini, ameishika ile khanga.

"Siku nyingine sitashtuka," mke alisema. "Nahitaji kulala. Basi."

Mume alichukua kikaango. Kila wiki aliimiminia klachi mafuta yaliyobaki baada ya kupika. Ilinyamaza siku mbili, kisha ikaanza upya.

Jirani yao, fundi baiskeli aliyeitwa Mama Spoku, alikuwa amefuata maziwa yake. Alisimama mlangoni akitazama.

"Shemeji, unakaanga nini hapo?"

"Klachi inapiga kelele."

"Mafuta ya kupikia yanaganda, yanashika vumbi. Halafu wewe unamimina mengine juu ya uchafu. Mtoto humwogeshi kwanza ndiyo umpake mafuta?"

Mume aliweka kikaango chini. Walitoa pikipiki nje, mbali na jiko.

"Legeza waya wa klachi, kisha fungua bolti hii," Mama Spoku alisema. "Hii ni kama bawaba ya mlango. Mkono wa klachi unazungukia hapa."

Bolti ilitoka nyeusi, imejaa utando mzito. Mume aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Akaufuta na mkono wenyewe, mpaka chuma kikaonekana.

"Sasa paka grisi. Kidogo, shemeji, hii si mkate."

Kisha Mama Spoku alimwonyesha ncha ya waya wa klachi. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika.

"Huu usiutilie mafuta, utupe. Ungekukatikia barabarani na madumu yako."

Mume alinunua waya mpya. Mama Spoku alimwambia adondoshe ndani ya ganda lake mafuta mepesi ya mashine, tone kwa tone, mpaka yatokee upande wa pili.

"Mafuta yasiguse breki," alisema. "Na waya usiukaze kabisa. Ukianza kubana, mkono ucheze kwanza kidogo, kama unene wa sarafu mbili. Usipocheza, klachi itateleza na kuungua."

Mume alirudisha bolti, akafunga waya mpya, akabana. Kimya. Alizungusha usukani kushoto na kulia, kuhakikisha waya hauvutwi. Akabana tena.

"Nirudie lini?"

"Kila mwezi. Ukinyeshewa sana, usingoje mwezi uishe. Na kile kikaango mrudishie mwenyewe."

Kesho yake, saa kumi na moja, mume alisimama sebuleni ameishika klachi. Aliogopa kubana. Alibana hivyo hivyo. Hakusikia kitu ila pumzi za watu wawili chumbani. Akaisukuma pikipiki nje hadi barabarani, ndipo akaiwasha.

Aligawa maziwa nyumba zote, akarudi. Alikuwa akiosha madumu sebuleni mke alipotokea, nywele timutimu, alama ya mto shavuni.

"Mume wangu, bado upo? Utachelewa, watu wanangoja maziwa."

Mume alimtazama, kisha akayatazama madumu matupu.

"Nimesharudi," alisema. "Saa tatu hii. Mtoto bado amelala. Rudi ukalale na wewe."