Chumba Kinachoshuka Saa Saba Mchana

"Laki tatu na ishirini hizi hapa mezani. Sijasema sikulipi. Nimesema tia saini kwanza."

"Nitie saini kwenye nini, mzee wangu? Kwamba nimekuuzia takataka?"

"Kwamba kihisi kimoja ni kibovu. Kimoja tu kati ya vinne. Kwani utakufa?"

"Sifi. Ila uongo siusaini."

Huyo anayekataa ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Mtaani wanamwita Pima, maana kila kitu hukipima mara mbili, na ukimcheka anakipima mara ya tatu mbele ya macho yako. Ufundi kajifundisha mwenyewe kwa kufungua redio mbovu za watu. Cheti hana, na ukimuuliza habari za cheti jiandae kujibiwa. Haya ninayosimulia nimeyatoa kinywani mwake, na kutia chumvi ni kazi moja asiyoiweza.

Mwenye hela ni mstaafu mmoja aliyetunza stoo ya kiwanda miaka thelathini, ndiyo maana kila mtu humwita Bwana Stoo. Kwake kila kitu kina fomu. Ukivunja kikombe nyumbani kwake anaandika: kikombe kimoja, kibovu, kimeondolewa. Unatia saini, na kuanzia hapo kikombe hicho ni kama hakijawahi kuwepo duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Binti yake Bwana Stoo, anayeishi mbali kikazi, alitaka nyumba ya baba ijiendeshe: feni ziwake zenyewe joto likizidi, na simu itoe taarifa hewa ikianza kubadilika kabla ya mvua. Pima akafunga vihisi vinne, kila kimoja kidogo kama kifuniko cha chupa. Sebuleni, jikoni, chumbani kwa mzee, na chumba cha nyuma. Vyote vinapima joto na mgandamizo wa hewa, na kutuma namba kwenye simu ya mzee, ya binti na ya fundi. Kabla ya kuvifunga alivilaza mchana kutwa juu ya meza moja, kama afanyavyo siku zote, aone kama vinakubaliana. Vilikubaliana kama mapacha.

Siku tatu za kwanza, shwari. Siku ya nne, saa saba na dakika kumi mchana, kihisi cha chumba cha nyuma kikaanza kushuka.

Nasema kushuka, na namaanisha kushuka. Hewa ina uzito. Ukipanda juu mgandamizo wake unapungua, ukienda chini unaongezeka, na kihisi kizuri kinajua hata ukikiokota sakafuni na kukiweka mezani. Sasa namba za kile zilipanda kidogo, zikatulia. Zikapanda kidogo, zikatulia. Pima alikuwa kibandani kwake anakula, akaacha kula. Akachukua kalamu akazichora. Mstari ukatoka na vidato, kama vidato vya ngazi. Mtu anateremka, taratibu, akipumzika kila anapokanyaga. Vidato thelathini na sita. Mita sita kwenda chini, na joto linapungua. Kisha nusu saa ya kimya, kisha vidato vilevile kurudi juu.

Nyumba ile haina chumba chini ya sakafu. Pima aliiona ramani yake.

Kesho yake, saa ileile, tena. Akaenda akakihamishia kihisi kile jikoni, na cha jikoni akakileta chumba cha nyuma. Siku iliyofuata, saa saba na dakika kumi, cha jikoni nacho kikateremka. Kile cha kwanza kilikaa juu ya friji, kimetulia kama mgeni mwenye adabu.

Fundi mwingine hapo angebeba begi lake. Pima hapo ndipo alipopandisha hasira, kwa sababu Bwana Stoo alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba vifaa vyake ni feki, na wateja wawili walikuwa wamepiga simu kuahirisha kazi. Jina lake ndilo duka lake. Hana jingine.

Ndiyo maana siku hiyo, zikiwa zimebaki dakika chache tu kufika saa saba na dakika kumi, walikuwa wanagombana sebuleni, fomu ikiwa kati yao.

"Binti yako anasemaje?" Pima akauliza.

"Binti yangu ananisumbua. Kila siku ikifika saa hizi anapiga. 'Baba, kuna nini chumbani kwa mama?' Nikimtumia karatasi yenye saini ya fundi atanyamaza."

"Mama yake yuko wapi?"

"Aliondoka. Miaka kumi na moja sasa. Kama watu wanavyoondoka."

"Aliondoka saa ngapi?"

Lilimtoka tu.  Jicho lilimcheza Bwana Stoo, likaenda kwenye saa ya ukutani. Saa saba na dakika tano.

"Saini uende zako, mwanangu," akanong'ona. "Nakuongeza elfu themanini."

"Za nini? Bei yangu ni laki tatu na ishirini. Sizidishi hata mia, na sipunguzi hata mia." Pima akanyanyuka. "Leo tutajua kibovu ni kihisi au ni nyumba."

Akaingia chumba cha nyuma. Akabandua kihisi ukutani, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kihisi kiganjani, simu mkono wa pili.

Chumba cha kawaida. Kitanda kimetandikwa. Dirisha la uwani, jua tele. Kwenye ndoano nyuma ya mlango, gauni la njano. Lilikuwa limepigwa pasi, na ukosi wake ulikuwa bado na uvuguvugu.

Saa saba na dakika kumi.

Masikio yakaziba, kama unapoteremka mlima ukiwa ndani ya gari. Simu ikaonyesha namba imepanda. Ikatulia. Akameza mate. Namba ikapanda tena. Sakafu haikutikisika. Kitanda palepale, gauni palepale. Ila dirisha lilikuwa limesogea juu. Kidogo. Futi moja hivi.

Kidato cha tatu. Cha nne.

Alianza kuhesabu kwa sauti, kusudi, kama anayehesabu chenji mbele ya muuza duka mjanja. Kumi na tano, dirisha lilikuwa juu kuliko dari ilivyopaswa kuwa. Thelathini, lilikuwa mraba mdogo wa mwanga, mbali, kama mdomo wa kisima. Joto digrii nane. Pumzi yake ilitoka nyeupe.

Mlango ulikuwepo. Ulikuwa wazi. Nje yake hapakuwa na korido.

Thelathini na sita.

Kimya.

Kisha nyuma ya ukuta aliouegemea, kitu nacho kikauegemea. Mgongo kwa mgongo. Ukuta ukaanza kupata joto. Taratibu. Upana wa mabega ya mtu.

"Umesaini?"

Sauti ya mwanamke. Ndogo. Kavu.

Nywele zilimsimama. Hilo Pima halifichi. Lakini woga wa binamu yangu una tabia moja: ukimjaa sana hutoka kama ukali.

"Sijasaini," akasema. "Na sisaini! Nimefunga vihisi vinne na vyote vizima. Nimesema hivyo huko juu, na huku chini nasema hivyohivyo. Hanitishi mwenye hela, utanitisha wewe mwenye ukuta? Nipandishe, nina kazi."

 Akahesabu pumzi zake mwenyewe. Tano. Sita. Ya saba haikuwa yake.

"Usisaini."

Safari hii haikutoka ukutani. Ilitoka sikioni mwake.

Nusu saa ilipotimia, namba zikaanza kurudi. Kidato. Kidato. Mraba wa mwanga ukawa dirisha, dirisha likaja mahali pake, jua likamwangukia miguuni. Alikaa mpaka kidato cha mwisho, maana kama ni kupima apime yote. Ndipo akatoka.

Bwana Stoo alikuwa koridoni na fomu yake, shati limelowa jasho. Hakumuuliza ameona nini. Hakumuuliza mbona midomo imekauka. Alisogea karibu akanong'ona, "Amekwambia nini?"

Na Pima alikuwa hajamwambia kuna mtu.

Akamwangalia mzee yule hadi akainamisha macho. Halafu akaangalia simu, kuhakikisha vihisi vyake vyote vinatuma. Sebuleni, sawa. Jikoni, sawa. Chumbani kwa mzee, sawa. Chumba cha nyuma, sawa. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Kihisi cha tano, hakina jina. Mgandamizo wake wa mita sita chini ya sakafu. Joto lake digrii thelathini na saba, kama la mwili wa mtu aliye hai.

Mpaka leo kinatuma. Kila dakika, namba zilezile, hakipandi wala hakishuki. Pima amekifuta kwenye orodha mara tatu, na mara tatu kimerudi. Amepima chumba chote kwa mkono, sakafu hadi dari. Hajakipata.

Siku ile, tukiwaacha palepale koridoni, simu ya Bwana Stoo ikaanza kuita. Jina la binti yake likawaka kwenye kioo. Namba zinazoingia kwa fundi zinaingia na kwake.

"Mwambie kibovu," mzee akasema. Sauti ilikuwa imebaki uzi. "Nakuomba, mwanangu. Mwambie ni kibovu."

"Vyangu ni vinne, vyote vizima," Pima akajibu, akanyoosha kiganja. "Hicho cha tano si changu, mweleze mwanao wewe. Mimi nipe laki tatu na ishirini yangu. Sasa hivi."