Robota la Tatu

Niapie kwamba hutamwambia mtu. Mimi pia niliapa, lakini ulimi hauna mfupa.

Shoga yangu mfuga ng'ombe alikwenda kununua mashine kuukuu ya kufunga nyasi. Kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, na asipoweka akiba ya nyasi, ng'ombe wake wanne wangekufa njaa. Muuzaji alitaka bei ya kutupa.

"Ni ya kaka yangu. Alihama mwaka jana bila kuaga," alisema mbele ya majirani, ndani ya banda lenye giza.

"Mashine hainunuliwi kwa macho, mwanangu," shoga yangu akamjibu. "Nimekuja na nyasi zangu. Ifunge marobota matatu nione."

Mawili yalitoka safi. Kwenye la tatu mashine ikanguruma, mifupa ikasikika ikivunjika ndani, kah! kah! kah!, na robota likaanguka likichuruzika damu.

"Panya tu huyo, mama!" muuzaji akafoka, akalirukia alifiche.

Mkono ukachomoka katikati ya nyasi, ukamkamata kifundo cha mguu mpaka kikalia.

"Kaka, niachie! Nilikusukuma kwa hasira tu!"

Majirani wote walisikia. Wakajaribu kuvibandua vile vidole, na vilikuwa bado vina joto.