Kilichopenya Milango Ikiwa Imefungwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa mitandao, mtu ambaye ukimtajia majini anakuuliza yanalipa kodi wapi. Alikuwa akipima kifaa cha kuchuja mawasiliano ya hospitali. Kazi yenyewe ni kufunga milango yote ya kifaa, yaani njia za kupitishia mawasiliano, kisha shemeji yake akitwange kwa data kutoka chumba cha pili. Kikipenya chochote, siri za wagonjwa ziko uchi, na yeye hasaini uongo hata kwa bunduki.

Alizima taa ya chumba ili avione vizuri vitaa vya kifaa. Kompyuta ya kupokea, iliyounganishwa upande wa pili wa kifaa kuhesabu data iliyopenya, ilionyesha sifuri. Akaridhika, akamwambia shemeji aache kutuma.

Mara sifuri ikawa moja. Ikawa mbili.

Akafoka kwenye simu, "Shemeji, nimesema acha!"

"Niache nini, bwana? Mashine nimeshazima. Niko nje nanyoosha mgongo."

Akakizima kifaa chenyewe. Feni ikanyamaza, vitaa vikafa. Hesabu ikapanda. Akauchomoa waya kwenye kompyuta, akabaki ameushika gizani. Hesabu ikapanda tena.

Akabana pumzi asikilize. Hesabu ikasimama.

Alipopumua, ikaongezeka moja.