Pezi Lililolegea

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Machachari aliketi sebuleni na roketi yake ya chupa mbili za plastiki zilizounganishwa. Shuleni walikuwa wakiitia maji kidogo, kisha rafiki yake, Mrefu, anaijaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka inafyatuka. Mapezi matatu ya mkiani, yanayoifanya ipae wima, yalikuwa kazi ya Machachari.

Jioni ya mwisho kabla ya kuirusha mbele ya wazazi shuleni, aliipaka roketi rangi nyekundu ipendeze, halafu akabandika mapezi juu ya rangi. Asubuhi pezi moja lilikuwa linacheza.

"Mbona unaligusagusa, binti yangu?" mama yake aliuliza.

"Hamna kitu, Mama."

Uwanjani roketi ilipaa kupita paa la darasa. Ghafla pezi likachomoka. Roketi ikapinda, ikageuza ubavu, ikakatika katikati. Maji yakawamwagikia wazazi.

"Mrefu huyo! Kapampu utadhani anajaza tairi la lori!" wenzao wakacheka.

Mwalimu wa sayansi alimnyang'anya pampu. "Nilikuonya usizidishe. Mashindano ya Jumamosi huendi."

"Sikuzidisha, Mwalimu, haki ya Mungu!" Mrefu akamgeukia Machachari. "Si ulikuwa unaangalia geji ya hewa wewe? Sema basi!"

"Si yeye, Mwalimu," Machachari alisema. " Pezi lilikuwa linacheza tangu asubuhi. Nikanyamaza."

Mwalimu aliliokota pezi, akaligeuza. Gundi ilikuwa imebandua ganda zima la rangi.

"Gundi imeshika rangi, lakini rangi haikushika chupa," alisema. "Hata roketi kubwa huweza kuvunjika hivi. Kitu kidogo kinaachia, inakwenda upande, hewa inaipiga ubavuni, inasambaratika. Nyingine bomba huvuja mafuta, yakashika moto, ikalipuka." Akamrudishia Mrefu pampu. "Uniwie radhi, mwanangu. Nimekuhukumu upesi."

"Umeniponza, fundi rangi," Mrefu alinung'unika.

"Nisamehe."

"Lete msasa tukwangue."

Walikwangua rangi, wakaziunganisha chupa tena, wakabandika mapezi upya, wakaiacha gundi ikauke. Jumamosi roketi ilikuwa na mabaka kama kuku aliyenyonyolewa nusu, lakini ilipaa wima, ikatua nzima. Mrefu alirukaruka na pampu mkononi.

Mama yake Machachari alimvuta bintiye ubavuni. "Ufa huzibwa na aliyeuona, mwanangu. Ukiuona, sema kabla chombo hakijaruka."