Shikamoo ya Mwatumu

Haya yalimpata Mwatumu wa Tongoni, rafiki yangu wa chuo, naye hapendi kuyarudia.

Shoga yake Zuwena alitengeneza programu ya simu ya kufundisha watoto maamkizi, kwa sauti yake mwenyewe. Jioni ile ilikuwa ipelekwe kwenye duka la programu, watu waanze kuipakua.

"Shoga, isikilize mara ya mwisho kisha uitume. Wewe kasoro hazikupiti!" Zuwena akacheka, akamwachia kompyuta, akaenda zake.

Mwatumu akasikiliza. Wivu ukampanda. Chuoni, sauti iliyosifiwa ilikuwa yake, si ya Zuwena! Akaifuta "Shikamoo" ya Zuwena, akajifungia stoo, kwenye giza na kimya, akarekodi yake.

Aliposikiliza, nyuma ya shikamoo yake kikongwe mmoja aliitikia polepole, "Marahaba."

Akapapasa magunia na kuta. Hapakuwa na mtu. Akarekodi tena, marahaba ikaja, safari hii karibu zaidi.

Mara ya tatu akaanza kurekodi, akaziba mdomo kwa kiganja, asiseme neno. Aliposikiliza, zilikuwa pumzi zake tu, moja baada ya moja. Kisha, sikioni kabisa:

"Mbona sasa huniamkii, Mwatumu?"