Kuku wa Bibi Aluka

Kila siku baada ya masomo, Sharlyne alipita kando ya malori yaliyopanga foleni mpakani Malaba, akaingia saluni kwa mama yake. Usidhani pale watu walikwenda kusukwa nywele tu. Ukitaka kujua nani ameposwa na nani amehamia Tororo, ulikaa kwenye benchi, ukapewa chai, na habari zikakufuata zenyewe.

Jumatano hiyo aliingia na daftari kifuani.

"Mwandishi wetu amefika!" alisema Selpha, muuza omena, kichwa chake kikiwa kimesukwa nusu. "Hadithi ya Ijumaa iko tayari?"

Beldina, mama yake Sharlyne, alitabasamu kwa fahari. Alikuwa ameshawatangazia wateja wote kwamba binti yake angesoma hadithi siku ya wazazi. Sharlyne alitamani benchi limmeze.

"Mwalimu Okedi ameirudisha," alisema. "Nisipoimaliza vizuri kufikia kesho, nafasi yangu atapewa Arnold."

"Imekosa nini? Hebu soma tusikie."

Sharlyne akasoma. Bibi Aluka alisimama karibu na geti la mpaka, amemkumbatia kuku mweupe aliyefungwa mguu kwa kamba nyekundu iliyolegea. Watu walivuka, yeye akabaki. Jua likapanda, kuku akakodoa macho, Bibi bado hakusogea.

"Ghafla niliamka," Sharlyne akamalizia kwa sauti ndogo, "kumbe ilikuwa ndoto."

Beldina alibaki ameshika rasta hewani.

"Ndoto?" Selpha akapiga makofi. "Wewe mtoto! Umenisimamisha juani na huyo bibi, halafu unaniambia ulikuwa umelala? Na kuku je?"

"Hata mimi sijui!" Sharlyne akajibu. "Nilimwona tu akilini, amesimama vile. Niliposhindwa kuendelea, nikaamka."

"Mimi nikikuletea umbea nusu, utanikaribisha tena hapa?" Selpha akauliza.

Saluni nzima ikacheka. Hata Sharlyne akacheka kidogo.

"Ngoja kwanza," Beldina akasema huku akiendelea kusuka. "Kuku mmoja, tena amekumbatiwa kama mtoto. Huyo hapelekwi sokoni. Bibi anakwenda kumwona mzazi. Binti yake amejifungua ng'ambo."

"Basi mbona havuki?" Selpha akauliza. "Mjukuu amezaliwa, wewe unahesabu malori? Polisi wamemzuia?"

"Hapana, wenzake wanavuka," Sharlyne akajibu. Alifikiri, akifunga na kufungua kalamu. "Anaona aibu. Binti alipoolewa, walikosana. Bibi hakwenda harusini."

"Eeh! Sasa hayo ndiyo maneno! Ataenda au atarudi?"

"Aende!" mmoja akasema.

"Aende kutukanwa?" mwingine akadakia.

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Beldina akamwambia, "Sisi mdomo ni wetu, mwanangu, lakini kalamu ni yako. Kaa uandike."

Sharlyne akakaa nyuma ya saluni. Kwanza aliandika kwamba binti alitokea ghafla akamkumbatia mama yake. Akafuta, hiyo ilikuwa ndoto nyingine. Akaandika kwamba askari mwema alimshika Bibi mkono. Askari huyo alitoka wapi? Akafuta tena, karatasi ikatoboka. Machozi yakamlengalenga. Ndipo alipoanza kuisoma upya toka mstari wa kwanza, polepole, na alipofika kwenye kamba nyekundu iliyolegea, akasimama. Akatabasamu.

Siku iliyofuata Mwalimu Okedi aliisoma mara mbili, akaandika juu yake: "Ijumaa, wewe."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Nusu ya saluni ilikuwa imekaa mstari wa mbele, Selpha na rasta zake mpya. Sharlyne akasoma jinsi Bibi Aluka alivyoshindwa kabisa, akageuka kurudi nyumbani. Hapo kamba ikafunguka. Kuku akaruka, akapita chini ya lori, akaelekea Uganda.

"Nikamatieni kuku!" Bibi akapiga kelele, akakunja leso na kumfuata mbio.

"Kitambulisho utanionyesha ukishamkamata, mama!" askari akamwambia, akicheka.

Alipomkamata, alikuwa ameshavuka. Akatazama nyuma, akamtazama kuku. "Aibu gani imebaki sasa?" akasema. "Twende." Alipobisha hodi, binti yake alifungua, mtoto begani.

"Mama, mbona umechelewa?" binti akamwambia. "Maji ya kuku yanachemka tangu asubuhi."

Watu walicheka. Beldina alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Arnold, aliyekuwa akimwita Sharlyne "Bi Ndoto" wiki nzima, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mwalimu Okedi alisimama. "Wanafunzi, picha ya kwanza humjia mtu bure," alisema. "Hadithi ni jasho. Unauliza huyu ni nani, anataka nini, kinamzuia nini. Unaandika, unafuta, unarudi mwanzo. Sharlyne hakuuokota mwisho wake njiani. Aliukuta kwenye kamba aliyoifunga mwenyewe. Kusema 'ilikuwa ndoto' ni kumtoroka msomaji uliyemwita. Ukimwalika mtu nyumbani, mpe chakula kilichoiva."

"Mwalimu, samahani!" Selpha akainuka mstari wa mbele. "Huyo mtoto walimpa jina gani?"

Ukumbi ukamgeukia Sharlyne. Akaketi, akafungua daftari, akaanza kutafuta kalamu.