Mshonaji wa Chumba Namba Tisa

Jumanne hiyo ilianza vizuri tu. Jirani yetu, ambaye mtaani tulimwita Madamu Shuka kwa kuwa ndiye msimamizi wa vyumba katika ile hoteli ya kifahari katikati ya jiji, alitoka nyumbani sare imenyooka, kichwa juu. Na hoteli yenyewe, weweee! Taa za umeme wa jua, mimea imepanda ukutani hadi ghorofa ya sita, bafuni maji ya mvua, plastiki hata ya dawa huipati. Lakini wageni walichokipenda zaidi ni mablanketi ya viraka, yaliyoshonwa kwa mkono kutokana na nguo kuukuu.

"Nimeyashona mwenyewe," Madamu Shuka alikuwa amemwambia meneja, na kwa uongo huo akapandishwa cheo.

Aliyeyashona ni shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Bibi wa watu alishona miezi minane, uzi anaulowesha kwa mate ndipo autunge kwenye sindano, macho yanamtoka machozi. Aliomba kitu kimoja tu: ayaone yakiwa yametandikwa. Siku alipokuja, mlinzi alimleta mpaka mapokezi, kandambili miguuni, mfuko wa vitambaa mkononi. Meneja naye alikuwa pale pale, na Madamu Shuka kando yake.

"Unamfahamu mama huyu?" akauliza.

Madamu Shuka akamruka kimanga mchana kweupe. "Simjui."

Shangazi hakubisha. Alimtazama tu, akageuka akaenda zake. Wiki ya pili yake akazikwa. Fadhila ya punda, jamani, mwaijua wenyewe.

Basi Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Madamu Shuka alifungua chumba namba tisa kukikagua. Kilikuwa hakina mgeni tangu juzi. Lakini juu ya mto palikuwa na kile kikadi cha kijani ambacho wageni hukiacha ili kuokoa maji ya kufulia: *Msibadilishe shuka, bado nipo.*

Akakiweka mfukoni, akaenda kufungua dirisha. Aliporudi, kikadi kipo tena juu ya mto. Akapapasa mfuko. Mtupu.

Ukingo wa godoro ulikuwa umebonyea, kana kwamba kuna mtu aliyekaa hapo. Akaugusa. Una joto.

"Shangazi?" akanong'ona.

Mara mlango ukafunguliwa, meneja akaingia na wageni wa kutembezwa. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, akasita kizingitini.

"Samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe kuna mtu."

"Hakuna mtu, karibu," meneja akacheka.

"Si huyo mama anayeshona? Hamumfahamu?"

Wote wakamgeukia Madamu Shuka. Yeye aliona kitanda kitupu. Swali lilikuwa lile lile, na mbele ya meneja yule yule. Aibu aliyoifungia kifuani tangu msibani ikamzidi, akatamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakamtoka.

"Namfahamu," akasema. "Ni shangazi yangu. Ndiye aliyeyashona yote. Mimi nilidanganya."

Yule mgeni akatazama tena kitandani. Akatazama kwa muda. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mbona anatikisa kichwa?" akanong'ona. "Anasema hakujui."

Hakuna aliyemfukuza kazi. Aliondoka mwenyewe mchana ule, akarudi mtaani mkono kifuani. Tulidhani anaumwa. Alipoutoa, tukaona sare ina tundu la mraba, limekatwa safi, pale pale alipokuwa akibandika beji ya cheo chake. Wasafishaji wanasema kipande chenyewe kiko katikati ya blanketi la chumba namba tisa, kimeshonwa vizuri, matundu mawili ya pini ya beji yanaonekana. Blanketi wameshalianika juani mara nyingi. Uzi wa kiraka hicho haukauki.